Ng'ombe Wawili kwa Gari Moja

Baba yangu, Leonardi, alikuwa mtu wa kuamka mapema na kusema kidogo, na katika maisha yake yote pale Mwazye hakuwahi kudanganywa kwenye ng'ombe. Watu walikuja kutoka vijiji vya mbali kumwomba awasindikize mnadani. Ng'ombe aliyesimama juani, ameshanyweshwa na kufutwa matope, baba hakumtazama hata mara moja. Alikwenda zizini alfajiri, mnyama akiwa bado amelala, akamwangalia anavyoinuka. Alisema saa sita mchana kila ng'ombe ni mzuri, na ubovu wake anaamka nao.

Naeleza haya kwa sababu mwaka wa sabini na sita mtu huyohuyo alibadilisha maksai wake wawili wa kulimia akapata gari. Na mimi Agnesi, binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, niliyekuwa nikiwachapa watoto wa watu kwa kusema uongo, nilimsaidia vizuri sana.

Chanzo kilikuwa mama. Mama Silvana alianza kwa kuchoka akipanda kutoka kisimani, kisha miguu ikawa inavimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Daktari mjini Sumbawanga alisema moyo umepanuka. Akampa vidonge vya wiki mbili tu, kwa kuwa kila mara alitaka kumpima upya kabla ya kumpa vingine, na akamwambia arudi kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, bila kukosa. Hilo la bila kukosa alilisema mara tatu, akinitazama mimi.

Kutoka Mwazye kwenda mjini usafiri ulikuwa lori, na lori lilipita likipenda. Mama alikaa juu ya magunia ya mahindi na upepo wa Ufipa unampiga kifuani. Siku moja lori halikuja kabisa. Alikaa kando ya barabara na koti lake tangu alfajiri mpaka saa nane, nami namwona kwa dirisha la darasa, nafundisha hesabu na kukosea ubaoni, watoto wananisahihisha. Woga ulioniingia siku ile haukutoka tena. Nilianza kuzichukia Alhamisi kabla hazijafika.

Kuendesha nilijua. Sista mmoja wa misheni alinifundisha kwenye pikapu yao kuukuu, na leseni nilikuwa nayo sandukuni. Watu walinitania kwamba nina ufunguo wa nyumba ambayo haijajengwa.

Shangazi Margareth, dada yake baba aliyekaa mtaa wa Milanzi kule mjini na kuuza ulezi sokoni, ndiye aliyeleta habari. Kizwite, mtaa mwingine wa mjini, kulikuwa na karani wa ofisi ya wilaya, Ndugu Nsajigwa, mtu wa Kyela, Mmoraviani, amekaa mjini miaka kumi na mitano na sasa anastaafu. Anarudi kwao kulima mpunga. Anatafuta jozi ya maksai waliokwisha kufundishwa kazi, pamoja na plau yao, na hao hawapatikani mnadani, kwa sababu mwenye jozi nzuri hauzi mikono yake. Yeye ana gari na hahitaji fedha. Anahitaji ng'ombe.

Kigari chenyewe nilikuwa nimekwisha kukiona mjini. Kilikuwa cha Kiitaliano, milango miwili, rangi ya maziwa, injini yake iko nyuma. Kilianza maisha Dar es Salaam kwenye lami, kwa mhandisi mmoja ambaye alikuja nacho huku wakati wa kazi za barabara, na alipoondoka akamwachia karani. Kilikuwa kigari cha kwenda sokoni na kanisani, si cha makorongo yetu, lakini kilikuwa na viti, na mama angekaa kwenye kiti.

Baba alifikiri siku tatu. Mvua kwetu huanza Novemba, na bila ng'ombe angerudi kwenye jembe la mkono akiwa na miaka hamsini na kitu. Juu ya hilo, maksai wake ndio waliofungua shamba la kijiji kila mwaka. Mwenyekiti wetu, Ndugu Tadei, aliposikia alikuja nyumbani na daftari.

"Mzee Leonardi, shamba la ujamaa litalimwa na nani?"

"Nitalima kwa mkono. Nipimieni sehemu mbili badala ya moja."

Tadei akaandika, kisha akanitazama mimi, kwa kuwa alijua wazo limetoka wapi. Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Kigari kikiwa kibovu tungekuwa hatuna ng'ombe, hatuna gari, na mama yuko palepale barabarani na koti lake.

Lakini shida kubwa hatukuisema kwa sauti. Shida ilikuwa ng'ombe wa kulia.

Wa kushoto aliitwa Sauti, hana neno. Wa kulia alikuwa mwekundu, shingo nene, mwenye nguvu kumshinda mwenzake mara mbili. Ila ikifika saa nne analala. Analala palepale kwenye mtaro wa plau na nira shingoni, anamvuta mwenzake chini, na umpige usimpige hainuki mpaka apumzike kama nusu saa. Kijiji kizima kilimwita Karani, kwa sababu naye saa nne anakwenda chai.

Na sasa mnunuzi alikuwa karani. Siku mbili kabla hajaja kuwaona, baba alitukuta jikoni.

"Kuanzia leo yule anaitwa Jembe," alisema.

Mama alikuwa anachagua maharage. "Kwa nini?"

"Jina tu."

"Baba Agnesi, utamwambia ukweli au hutamwambia?"

"Akiuliza nitamwambia."

"Na asipouliza?"

Baba alichukua kofia yake akatoka. Mama akaniangalia, nami nikajifanya nashughulika na moto.

Nsajigwa alikuja Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, na kigari chake kinanguruma vizuri baada ya mwendo wa saa tatu nzima. Alikuwa mtu mrefu mwenye heshima zake, saa ya mkanda wa fedha mkononi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwalimu, akamuuliza mama habari za moyo wake kwa upole ambao ulinichoma. Baba alikuwa amempumzisha Karani siku tatu, akimlisha pumba na chumvi. Tukashuka bondeni karibu na kijito, mahali pekee ambapo udongo wa Agosti ulikuwa bado laini.

Karani yule wa ofisi alikunja suruali, akashika plau mwenyewe. Alijua kazi. Ng'ombe wakaenda kama maji, mtaro umenyooka, na baba anawafuata nyuma. Wakageuza, wakarudi, wakageuza tena. Mimi nilikuwa kwenye ukingo, na macho yangu hayakuwa kwa ng'ombe, yalikuwa kwenye ile saa ya mkononi ambayo sikuweza kuisoma kutoka pale. Nikakisia kwa jua. Kisha nikaona masikio. Karani akikaribia chai yake hushusha masikio kwanza.

Nilipanda nyumbani mbio. "Mama, waite waje kula."

"Chakula hakijaiva, Mwalimu."

Hakuwa ananiita mwalimu nyumbani. Nikaelewa, na bado nikarudi mlangoni nikaita mimi mwenyewe, kwa sauti ya kuitia watoto paredi, kwamba chakula tayari, mgeni apande.

Nsajigwa alisimamisha ng'ombe. Akatazama saa yake, akanitazama mimi juu, akamtazama yule mwekundu.

"Mapema hivi?"

"Kwetu mgeni halimi na njaa, mzee," nikajibu.

Walifungua nira. Karani alijilaza chini hapohapo, na baba akasogea akasimama katikati, akimweleza mgeni habari za kijito kinavyojaa masika. Chakula kilichelewa zaidi ya saa nzima. Tuliketi tukinywa togwa nami nikisingizia kuni mbichi.

Mwishoni baba aliweka kikombe chini. "Ndugu Nsajigwa, umewaona wanyama wangu. Nami nataka kukiona kigari chako kinavyoamka."

"Kinavyoamka?"

"Alfajiri. Kabla hakijaguswa na mtu."

Mgeni aliurekebisha mkanda wa saa yake. "Basi karibuni Jumanne," alisema. "Njooni mapema mnavyotaka."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kanisani Mwazye mtu akibaki kwenye benchi wakati wa komunyo, macho yote yanajua ana jambo moyoni na Mungu. Baba alibaki kwenye benchi. Mimi nilibaki pembeni yake, natazama vidole vyangu. Mama alipanda altareni peke yake, polepole, akishika ncha za mabenchi moja baada ya jingine, na aliporudi alipita mbele ya magoti yetu akaenda kukaa mwisho wa benchi, mbali nasi.

Jumatatu tulipanda lori tukalala kwa Shangazi Milanzi. Kulipoanza kupambazuka tulikuwa tayari tunaelekea Kizwite, baba na koti lake zito, mimi na vitenge viwili juu ya sweta. Baridi ya Agosti huku kwetu haina aibu. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande, na paa za bati zinadondosha maji.

Tulimkuta Nsajigwa amesimama uani, amevaa koti na skafu, kama mtu aliyekuwa pale kwa muda. Mke wake, Mama Tusekile, alitoka na chupa ya chai, akatumiminia, akarudi ndani bila kutuangalia usoni. Kigari kilikuwa chini ya mti wa mpera, kimelowa.

"Basi ni hicho," alisema Nsajigwa. "Mwalimu, chukua ufunguo mwenyewe."

Niliingia. Nikavuta choki, kile kishikizo cha kuwashia injini ya baridi, nikazungusha ufunguo, na injini ikaitika mara ya kwanza, haikukohoa hata kidogo. Nikasikia furaha imenipanda. Nikatazama nyuma kumwona baba.

Alikuwa ameinama kwenye kifuniko cha injini, ameweka kiganja chake pale, kama anavyoweka ubavuni mwa ng'ombe. Alikiacha pale kwa muda mrefu. Kisha akainua macho kumtazama Nsajigwa, na Nsajigwa alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kimeamka vizuri," baba alisema.

Nilizunguka Kizwite mara mbili. Breki zilishika, gia ziliingia. Taa moja ya mbele ilikuwa imekufa, lakini hilo Nsajigwa alilitaja mwenyewe. Nikarudi nikamwambia baba kwamba ni kizuri, na wazee wale wawili wakapeana mikono kwa haraka, bila maneno mengi, wala hawakurudi kunywa chai iliyobaki.

Makaratasi yaliandikwa mjini, na wiki ile ile lori la kwenda Kyela likafika kwetu kuchukua ng'ombe. Baba alikuwa na desturi yake, aliyoirithi kwa babu: ng'ombe akiondoka, kamba haiondoki. Mnunuzi anakuja na yake. Nsajigwa alileta kamba mpya, baba akazivua zake shingoni mwa Sauti na Karani, akazikunja, akazitundika kwenye msumari wa zizi. Ilikuwa saa moja asubuhi, kwa hiyo walipanda ubao wa lori bila tabu.

Hapo mama akatoka ndani. Alitembea mpaka kwenye lori, akanyoosha mkono kati ya mbao, akamgusa yule mwekundu kwenye paji la uso.

"Kwaheri, Karani," akasema, na kila mtu akasikia.

Nsajigwa alikuwa hatua mbili kutoka pale. Nilingoja aulize. Aliinama kurekebisha fundo la kamba ambalo lilikuwa halina kasoro, akasema, "Jina zuri," akapanda mbele na dereva, wakaenda.

Alhamisi ya kwanza tuliamka saa kumi na moja. Nilimvika mama koti, nikamkalisha kwenye kiti cha mbele na blanketi magotini. Alikuwa anatabasamu. Nikavuta choki, nikazungusha ufunguo. Kigari kikaguna, kikanyamaza. Nikarudia. Kikaguna kidogo zaidi, kwa uchovu, kama mtu anayevutwa kitandani. Mara ya sita betri ikaanza kulegea, na mama akawa anatazama mbele tu, mikono juu ya blanketi.

Nilitoka nje. Baba alikuwa amesimama nyuma ya gari, wala hakuonekana kushangaa, na hilo ndilo lililonitia hasira.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Kizwite. Niliweka mkono. Umande ulikuwa kila mahali isipokuwa pale. Palikuwa pakavu, na pa moto. Alikuwa amekiamsha kabla hatujafika, akakizima."

"Na ukasema kimeamka vizuri."

"Ulitaka nisemeje, Agnesi? Mkono mmoja uko kwenye uongo wake, wa pili umeshika kamba ya Karani."

Mimi ndiye niliyeita watu kwenye chakula kisichoiva. Kama angefungua mdomo pale uani, Nsajigwa naye angefungua wake, na biashara ingevunjika, na mama angerudi juu ya magunia. Tulinunua gari bovu kwa macho wazi, kwa sababu tulikuwa tunauza ng'ombe mwenye ila.

Baba alikwenda zizini, akarudi na kamba za maksai. Akazifunga kwenye chuma cha mbele. Akawaita majirani, hata Tadei mwenyekiti mwenyewe akaja, na wanaume sita wakakivuta kigari kwa kamba ya Karani mpaka kwenye mteremko wa misheni. Pale nikakiachia. Nusu ya mteremko kikakohoa, kikawaka. Tulipata namba ya mwisho kabisa ya foleni ya kliniki.

Hiyo ilikuwa Alhamisi nzuri. Ya pili hakikuwaka hata kwenye mteremko. Kiliwaka saa tatu, jua lilipokipiga mgongoni, tukafika mjini namba zimekwisha. Niliutumia mchana ule kukipeleka kwa fundi. Alikigusa saa sita, kikawaka papo hapo. Akanicheka, akasema gari halina kitu, labda linamwogopa mwalimu. Nikatamani kulia, maana ni maneno ya baba yale yale: saa sita mchana kila ng'ombe ni mzuri. Ya tatu wanaume wote walikuwa wamekwenda mapema shamba la ujamaa, bondeni, na mimi na baba peke yetu hatukuweza kukivuta. Nikakimbilia barabarani. Lori likapita, lakini dereva, tangu asikie tuna gari, alikuwa hasimami tena kwetu. Alinipungia mkono.

Kutangulia Jumatano haikuwezekana. Mwalimu Mkuu alikuwa amenipa ruhusa ya Alhamisi tu, na kwa taa moja nisingethubutu njia ile jioni. Shangazi alimtaka mama ahamie kwake Milanzi; mama akasema chumba kimoja cha watu saba si mahali pa mtu anayelala ameketi. Kwa maana sasa alikuwa analala ameketi. Miguu ilivimba mpaka magotini, na vidonge vilikuwa vimekwisha. Kila jioni nilikiendea kigari, nikaweka kiganja kwenye bati lake lililokuwa tayari la baridi, nikapiga hesabu ya saa zilizobaki mpaka alfajiri kama vile kuna hesabu ya kupiga. Baba alikwisha kuanza kukatua kwa mkono, sehemu yake na zile mbili za kijiji. Alirudi ameinama na hakulalamika. Jumapili tuliendelea kukaa kwenye benchi, na watu wakaendelea kutazama.

Alhamisi ya nne nayo ilipita hivyohivyo. Kisha, katikati ya Oktoba, dereva wa lori aliniletea barua kutoka Kyela. Niliisoma jikoni, mama amekaa kwenye mkeka ameegemea ukuta, baba mlangoni na jembe lake.

Nsajigwa alianza kwa salamu za nyumba nzima. Kisha aliandika hivi:

"Ng'ombe wako mwekundu hulala saa nne. Mimi nililijua hilo siku ile mwalimu alipoita chakula, maana nilitazama saa na nikaona jinsi masikio yalivyoanguka. Nilinyamaza kwa sababu ninyi mlitaka kukiona kigari alfajiri, nami nilijua hakiamki. Mke wangu hatusemeshi vizuri mimi na ng'ombe tangu tufike. Sitaki turudishiane. Ila nimeota mara mbili mama yake mwalimu yuko barabarani, na siwezi kustahimili. Kigari kile kina umri, hakipendi baridi. Dawa yake ni hii. Jioni fungueni plagi zake nne, zilazeni jikoni karibu na moto, zisiungue. Alfajiri zirudisheni zikiwa za moto, na juu ya kabureta wekeni kitambaa kilichochovywa maji ya moto. Kitaamka. Nilifanya hivyo miaka sita. Nami naomba mniambie, huyu mnyama anainuliwaje?"

Mama ndiye aliyeanza kucheka, kicheko chembamba cha mtu asiye na pumzi, akishika kifua.

"Kumbe nacho kinalala ndani," alisema. "Kama ndama."

"Mama, usicheke, utachoka."

"Na mngeambiana tangu siku ile, mngefanya nini tofauti?" aliuliza, na sasa hakuwa anacheka. "Mngebadilishana hivyohivyo. Yeye anataka ng'ombe, sisi tunataka gari. Mimi ningekuwa nimekwenda kliniki."

Baba aliweka jembe chini. Alikaa kwenye kigoda, akaniambia nichukue kalamu.

"Andika asimpige. Karani akipigwa hukaa zaidi. Amfungue nira, amkune chini ya shingo, amwache nusu saa. Atainuka mwenyewe na atalima mpaka saa saba bila kuomba maji. Andika kwamba ni ng'ombe mzuri."

Nikaandika.

"Andika kwamba niliweka mkono na palikuwa pa moto."

Nikaandika.

"Andika pia kwamba chakula kilikuwa hakijaiva."

Hapo kalamu ilisimama. Mama alikuwa ananiangalia. Nikaandika, kwa mwandiko ule ninaowafundishia watoto.

Jumatano iliyofuata plagi nne zililala kwenye kigae kando ya mafiga ya mama, na yeye mwenyewe akazigeuza mara mbili. Alfajiri kigari kiliwaka mara ya pili ya ufunguo. Nilikaa nimeshika usukani siamini, nikaogopa hata kukanyaga mafuta. Daktari alimpima mama kwa muda mrefu, akafungua karatasi zake, akauliza tulikuwa wapi Alhamisi tatu. Nikamwambia gari lilikuwa bovu. Alimwongezea vidonge, akasema uvimbe utapungua, lakini nguvu ya miguu aliyokuja nayo Julai asitegemee kwamba itarudi yote.

Jumamosi baba na mimi tulikwenda kuungama, tukapanga foleni, yeye mbele mimi nyuma. Jumapili nilimpeleka mama kanisani kwa kigari mpaka mlangoni, tukamshika huku na huku mpaka kwenye benchi letu. Saa ya komunyo ilipofika baba alisimama, nami nikasimama, kwa mara ya kwanza tangu Agosti, na kanisa zima likaona. Mama alijaribu kuinuka pamoja nasi. Akashika ncha ya benchi la mbele, akabaki hivyo kidogo, akakaa tena.

Tulipanda wawili. Niliporudi nilimwona kutoka mbali, amekaa peke yake kwenye benchi tupu na mikono magotini, akingoja Padre amshukie na komunyo. Mgeni yeyote aliyekuwa kanisani siku ile angedhani katika familia yetu yeye ndiye mwenye jambo moyoni.